Waifai ikikata kila mara, simu msiihukumu haraka

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wenu wa barua nijibu ushauri mliompa yule msomaji aliyelalamika kwamba simu yake na tableti ya mtoto zinaachia waifai ya nyumbani kila mara. Mlimjibu kwa sentensi mbili tu, azime ruta awashe, na ikiendelea basi vifaa vimeshachoka atafute vingine. Jamani. Kuzima na kuwasha sikatai, hata mimi ndo kitu cha kwanza nafanya, ila hiyo ya "vimeshachoka" ndo imenifanya nikae niandike, manake watu wakisoma kitu gazetini wanakiamini, na kesho yake simu nzima kabisa inatupwa kwenye droo wakati ugonjwa upo kwenye kale kaboksi kenye taa kalikofichwa nyuma ya televisheni.

Mngeanza kwa kumuuliza swali moja, kinachokata ni waifai au ni intaneti? Wengi wanavichanganya na siwalaumu, kwa mtu anayeangalia video vyote viwili vinaonekana vilevile, video imesimama basi. Lakini ni vitu viwili tofauti kabisa. Waifai ni ile njia ya hewani kati ya simu na ruta, intaneti ni kile kinachoingia kwenye ruta kutoka nje. Ile alama ya waifai juu ya kioo ikipotea kabisa, simu imeachana na ruta. Ikibaki lakini imeweka alama ya mshangao, au simu inaandika imeunganishwa ila hakuna intaneti, hapo simu na ruta bado wanaelewana, shida iko mbele zaidi. Kuhakikisha sio kazi, subiri ikate halafu fungua brauza uandike ile namba iliyobandikwa chini ya ruta, nyingi huwa 192.168.1.1 au 192.168.0.1, ukurasa wa ruta ukifunguka haraka basi simu iache, kamsumbue anayekuuzia intaneti. Angalizo tu, zima data ya simu kwanza wakati unajaribu, maana simu inaweza kuipeleka hiyo namba kwenye laini na ukabaki unashangaa.

Ila kabla hujamsumbua, hapo kwenye hakuna intaneti kuna vitu vidogo vya kwenye simu yenyewe vinavyochekesha. Simu yenye tarehe mbovu, labda betri iliisha kabisa ikarudi na mwaka wa zamani, itakataa kufungua tovuti nyingi kwa sababu vyeti vya usalama vya tovuti vina tarehe za kuanza na kuisha, ikiangalia kalenda yake inaona cheti bado hakijaanza kazi. Mwenye simu anasema waifai mbovu. Au mtu aliwahi kuweka VPN ya bure, ile programu inayopitisha intaneti yako kwenye seva ya watu wengine, akaisahau inajiwasha yenyewe. Au kwenye Android kuanzia toleo la 9 la mwaka 2018 kuna sehemu ya DNS ya faragha (DNS ni kile kinachogeuza jina la tovuti kuwa namba ya kuifikia), mtu aliwekewa jina la seva fulani ili kuzuia matangazo, ile seva ikilala simu nayo inakwambia hakuna intaneti wakati jirani yake kwenye kochi anaperuzi vizuri tu.

Swali la pili, zinakata zote kwa pamoja au moja moja? Zikikata zote na taa za ruta zikizimika zikaanza kuwaka upya, hiyo ruta inajizima na kuwaka yenyewe, na mara nyingi mkosaji ni adapta ya umeme. Adapta zinazeeka, au ile ya asili iliharibika mtu akachukua ya kifaa kingine kwa vile pini imeingia. Pini kuingia sio kigezo, soma volti na ampea chini ya ruta ulinganishe na adapta, volti ziwe sawasawa na ampea zisipungue. Ruta inayotaka volti 12 ukiipa 9 inaweza hata kuwaka ikakaa kimya ikijifanya mzima, ila watu wakianza kupakua vitu inazidiwa inaanguka. Joto nalo lipo, wapo wanaoiweka ruta juu ya king'amuzi chenye moto, kisha wanaifunika na kitambaa cha urembo juu yake. Hiyo sina hata la kusema.

Ikikata moja tu, au zile za mkononi zinakata ila kompyuta na televisheni ziko sawa, hapa ndo watu wanapohukumu simu, na hapa ndo nataka nikae kidogo.

Vile vistari vya waifai kwenye simu vinaonyesha upande mmoja tu. Vinakwambia simu inaisikiaje ruta. Havikwambii ruta inaisikiaje simu! Ruta imechomekwa ukutani, ina antena zake kubwa na umeme wa kutosha, simu ina antena ndogo iliyobanwa kwenye ukingo wa kifaa chembamba, imeshikwa na kiganja cha mtu (na mwili wa binadamu umejaa maji, maji yanameza mawimbi), halafu inabana matumizi ya betri kwa hiyo inatangaza kwa nguvu ndogo. Ni kama mtu mwenye kipaza sauti anaongea na mtu aliyekaukiwa sauti, huyu wa pili anasikia kila neno, anajibu, mwenye kipaza hasikii kitu anarudia tena na tena mwisho anaona huyu hayupo anaendelea na wengine. Ndo maana unakuwa chumba cha mwisho una vistari viwili vizuri tu lakini ukurasa haufunguki na baada ya muda inakata, na ndo maana kuongeza nguvu ya kutangaza kwenye ruta, kitu mafundi wengi wanapenda kufanya, hakusaidii kama walivyofikiria, umeongeza kipaza sauti kwa aliyekuwa nacho tayari. Televisheni haikati kwa sababu haitembei, haina betri ya kubana, na mara nyingi imekaa chumba kimoja na ruta.

Kwa hiyo kabla ya kitu kingine hamisha ruta. Itoe kabatini, itoe nyuma ya televisheni, iweke juu na katikati ya nyumba kadiri waya utakavyoruhusu. Kioo kikubwa cha kujitazamia kina tabaka la madini nyuma yake kinarudisha mawimbi, tangi la samaki linayameza, ukuta wa zege wenye nondo unayapunguza sana, friji ndo usiseme. Zipo programu za bure za kupima waifai kwenye Android zinazokupa nguvu ya mawimbi kwa dBm, ni namba hasi, kadiri inavyokaribia sifuri ndo nzuri zaidi. Ukiwa na -50 uko vizuri sana, -67 bado unaongea na video bila tabu, ukifika -75 kuelekea -80 usitegemee kitu, hapo kukata ni haki yake. Tembea na simu nyumba nzima uone namba inashukia wapi. Na vua kava la simu kama lina bati la sumaku ndani, jaribu bila hilo, mtu hafikirii kabisa.

Mkisha maliza mahali pa ruta njooni kwenye bendi, yaani fungu la masafa ya mawimbi ambayo ruta inatumia. Ruta nyingi za sasa zina bendi mbili, 2.4 GHz inayofika mbali na kupita kuta vizuri zaidi, na 5 GHz yenye kasi ila ukuta mmoja tu ishachoka. Mara nyingi zote mbili zimepewa jina moja na ruta inajaribu kuisukuma simu kutoka bendi hii kwenda ile, na namna moja ya kuisukuma ni kuikatalia tu au kuitoa ili irudi kwingine. Simu nyingine zinaelewa, nyingine zinabaki zinazunguka. Zipe majina tofauti kwa muda, unganisha simu kwenye 2.4 pekee uone kama kukata kunaisha. Kukiisha umeshajua mchawi nani.

Lakini 2.4 nayo ina kelele zake. Bluetooth iko humohumo, vifaa vingi vya kumsikilizia mtoto mchanga vimo humo, na maikrowevu inapasha kwa takriban 2.45 GHz, milango yake inavujisha kidogo, sio cha kumdhuru mtu ila kinatosha kuipigia kelele waifai, sasa mtu anakwambia inakata mchana na usiku wakati wa kula na hajajiuliza kwanini. Hata diski ya nje ya USB 3.0 iliyochomekwa kwenye ruta inatoa kelele kwenye bendi hiyo, Intel walishaandika kuhusu hili 2012. Halafu majirani. Bendi imegawanywa vinjia vinavyoitwa chaneli, na chaneli za 2.4 zinapandana, ukibaki na upana wa megahezi 20 zisizogongana ni tatu tu, 1, 6 na 11, ukiona ruta yako imewekwa upana wa 40 kwenye 2.4 rudisha 20, unakula nafasi ya watu na wewe mwenyewe hupati faida. Na msiweke chaneli 12 au 13 kwa kufikiri mmejificha na msongamano, kuna simu zilizotengenezwa kwa soko la nchi ambako chaneli hizo hazitumiki, zenyewe hiyo waifai haziioni kabisa.

Kwenye 5 GHz kuna mtego mwingine ambao sijauona ukiandikwa kwenye magazeti yetu. Chaneli za katikati, kuanzia 52 mpaka 144, zinashirikiana na rada, zikiwemo za hali ya hewa, na nchi nyingi zinailazimisha ruta ihame mara moja ikisikia kitu kinachofanana na rada. Ikihama kwenda chaneli nyingine ya aina hiyo inatakiwa isikilize kimya angalau dakika 1 kabla ya kutangaza, na kuna masafa machache ambako kusikiliza kunafika dakika 10. Kwako wewe waifai imepotea hewani imerudi yenyewe na hakuna aliyegusa kitu. Ukiona hivyo toa ruta kwenye otomatiki weka chaneli kati ya 36 na 48, hizo hazina sharti la rada.

Sasa saa. Huyu msomaji wenu angeandika kwenye karatasi saa ambazo inakata, angejua mengi kuliko fundi. Inayokata ovyo ovyo ni mawimbi. Inayokata kwa mpangilio ni setingi. Ikikata kila saa moja kamili fungua ukurasa wa ruta sehemu ya usalama, utakuta muda wa kubadilisha funguo ya kundi, yaani ile funguo ya siri inayotumiwa na vifaa vyote kwa pamoja, mara nyingi umeandikwa sekunde 3600 ambayo ndo hiyo saa moja, kila muda huo ukifika ruta inagawa funguo mpya kwa vifaa vyote, simu iliyokuwa imesinzia ikichelewa kujibu inatolewa nje. Ongeza huo muda uangalie. Ikikata saa ileile kila siku angalia kama kuna ratiba ya kujiwasha upya au ule udhibiti wa wazazi ambao mtu aliuweka enzi hizo na akausahau.

Kuna na hii ya kukwama kwenye "inapata anwani ya IP", ile namba ambayo kila kifaa kinapewa ili kitambulike kwenye mtandao. Ruta inagawa anwani kutoka kwenye fungu fulani na kila anwani ina muda wa kukaa nayo, mara nyingi saa 24. Mtu akiwekewa fungu dogo, tuseme kutoka 100 hadi 110, halafu muda ni wiki nzima, wageni wakija na simu zao wameshamaliza fungu, wameondoka lakini anwani bado zimeandikwa majina yao. Mwenye nyumba anarudi jioni anakosa nafasi kwenye waifai yake mwenyewe. Kwenye iPhone ukiona anwani inaanza na 169.254 jua simu ilikosa ikajipa yenyewe, haiendi popote hiyo. Na kama kuna ruta mbili zimeunganishwa zote zinagawa anwani, zima ugawaji kwenye moja, vinginevyo ni vurugu.

Upande wa simu yenyewe sisemi ni malaika. Kwanza kuna ile setingi ya kuhamia data ya simu waifai ikilegea, kwenye iPhone inaitwa Wi-Fi Assist na ipo tangu iOS 9 (mfumo wa iPhone) ya 2015, Android nyingi zinayo pia kwa majina tofauti, ikiwaka simu inaiacha waifai kimyakimya na bando linaisha mwenyewe hana habari. Pili kubana betri, hasa simu za kampuni zinazojisifu betri inakaa, kioo kikizimika nazo zinabana kila kitu hadi mawasiliano, toa programu unayoihitaji kwenye orodha ya kubanwa. Android za zamani zilikuwa na chaguo la kubakiza waifai wakati simu imelala, kwenye tableti ya zamani ya mtoto nenda kaangalie hapohapo. Tatu, anwani za MAC za kubahatisha, MAC ikiwa ni namba ya utambulisho ya kifaa chenyewe. Android 10 ya 2019 na iOS 14 ya 2020 zilianza kuficha anwani halisi ya kifaa na kutumia ya kutunga kwa kila waifai, jambo zuri kwa faragha, ila kama mwenye ruta aliweka orodha ya vifaa vinavyoruhusiwa, simu ikisasishwa inabisha hodi na jina geni inafukuzwa. Kwa waifai ya nyumbani kwako zima hiyo ya kubahatisha, huna wa kujificha.

Usalama pia unagombanisha. WPA2 na WPA3 ni aina za ulinzi wa waifai, na WPA3 ilipokuja 2018 ruta zikaanza kuwekwa kwenye hali ya mchanganyiko wa WPA2 na WPA3, na kuna simu na tableti za nyuma ambazo zinajiunga, zinatolewa, zinajiunga tena. Rudisha WPA2 yenye AES ujaribu, na kama ruta imeandikwa TKIP iondoe, hizo mbili ni njia za kuficha data hewani na TKIP ndo ya zamani. Ila tafadhali msije mkamwambia mtu aweke WEP, ule ulinzi wa zamani sana, au aache wazi bila paswedi eti ndo imetulia.

Ninachosisitiza, badilisha kitu kimoja halafu kaa nacho siku nzima. Mafundi wanabadilisha chaneli, jina, paswedi na firmwea (programu inayoendesha ruta yenyewe) kwa mkupuo, ikitulia hajui nini kimetibu, ikirudia anaanza upya. Firmwea yenyewe sasisha ndiyo, tena mapema, ila peke yake. Na ile ya kufuta setingi zote za mtandao kwenye simu iwe ya mwisho, maana inafuta paswedi zote za waifai ulizohifadhi na kwenye simu nyingi hata vifaa vya Bluetooth, fundi anaifanya kwa dakika moja wewe unabaki unaomba paswedi kwa watu mwezi mzima.

Simu kuwa mbovu kweli inatokea, na kuijua ni rahisi, ipeleke kwenye waifai nyingine mbili tatu, kaa karibu kabisa na ruta. Ikikata kote, tena hata ukiwa mita moja, na hasa kama ilianguka au ilifunguliwa kubadilishwa kioo, hapo waya wa antena unaweza kuwa umelegea au haukurudishwa vizuri, na hata hiyo sio ya kutupa, mwambie aliyeifungua aifungue tena.

Mhariri, ombi langu ni dogo. Mtu akiwaandikia tena kwamba waifai inakata, kabla ya kumjibu mrudishieni maswali, alama inabaki au inapotea, zinakata zote au moja, saa ngapi, na ruta imekaa wapi, halafu mchapishe majibu yake pamoja na ushauri wenu ili sisi wengine tulinganishe na ya kwetu. Na mkipata nafasi mpige picha ukurasa wa setingi wa ruta muuandike kwa Kiswahili sehemu ipi ni ipi, manake watu wengi hawaogopi ruta, wanaogopa ule ukurasa.

Msomaji wenu wa siku zote.